Punjab ilifanikiwa au ilishindwa? Jibu kwa bwana shamba wa Mbarali

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni bwana shamba kijana, nahudumia wakulima wa mpunga wilayani Mbarali. Chuoni tulisomeshwa habari za Punjab ya India kuwa ndiyo mfano wa jimbo lililoinuka kwa kilimo. Siku hizi nikifuatilia habari zake nakuta maji ya ardhini yanakwisha, wakulima wamezama kwenye madeni, vijana wanauza mashamba waende Kanada, na mwaka 2020 wakulima walipiga kambi kwenye barabara za kuingia Delhi. Je, Punjab ilifanikiwa au ilishindwa? Kosa ni la nani? Na kama mpunga ndio unaomaliza maji, si waache tu wapande kitu kingine?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote na ndilo nitakalolikalia zaidi. La kwanza nalijibu mara moja: Punjab ilifanikiwa, tena sana. Ilipewa kazi ya kuilisha India ikaifanya kupita ilivyotarajiwa. Taabu unazozisoma leo zimetokana na namna kazi ile ilivyolipwa. Serikali iliweka uhakika wa bei na soko kwa mazao mawili tu, ngano na mpunga, ikaongeza juu yake umeme wa bure wa kuvuta maji, halafu ikawaachia wakulima wapige hesabu. Wakapiga hesabu, na walipiga sawasawa.

Chuoni huwa tunaanza na mbegu. Mimi naona mtu asipoanza na ardhi hataielewa Punjab. India ilipogawanywa mwaka 1947, jimbo hili lilikatwa vipande viwili. Wahindu na Masingasinga waliokimbia kutoka upande wa magharibi, ambao sasa uko Pakistan, waliacha huko kama hekta milioni 2.7, na sehemu nzuri ya ardhi hiyo ilikuwa na mifereji ya umwagiliaji iliyochimbwa enzi za Waingereza. Waislamu waliokimbia kutoka upande wa mashariki, uliobaki India, waliacha hekta milioni 1.9 tu. Kwa hiyo haikuwezekana kila mkimbizi arudishiwe alichopoteza. Ofisa aliyesimamia ugawaji, Tarlok Singh, aliweka kipimo kilichohesabu rutuba na maji pamoja na ukubwa wa shamba, kisha akakata kwa ngazi: aliyepoteza shamba dogo alipunguziwa kidogo, aliyepoteza kubwa akakatwa sehemu kubwa. Mamwinyi wa ardhi hawakuota tena upande ule kama walivyobaki katika majimbo mengine ya India.

Ikafuata kazi ya kuunganisha vishamba, chini ya sheria ya mwaka 1948. Familia iliyokuwa na vipande vilivyotawanyika kila upande wa kijiji ilibadilishana na majirani mpaka ikapata shamba lake mahali pamoja. Hili jambo halina mvuto wa kusimuliwa, lakini wewe unaekaa na wakulima utaona uzito wake. Nani atachimba kisima cha gharama kwenye kipande cha nusu ekari wakati vipande vyake vingine viko mwendo wa saa nzima? Shamba likiwa moja, kisima katikati kinalipa. Juu ya hapo kulikuwa na bwawa la Bhakra, alilolizindua Waziri Mkuu Nehru mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Ludhiana kilichofunguliwa mwaka 1962, ambacho wataalamu wake walikuwa wakienda mashambani kwa miguu yao. Mbegu ilipofika ilikuta nyumba imekwisha kufagiliwa.

Na ilifika kwa dharura. Mwaka 1965 na 1966 mvua ziligoma. India iliagiza takriban tani milioni 10 za nafaka mwaka 1966, nyingi zikiwa ngano ya msaada ya Marekani, na Rais Johnson aliitoa kidogo kidogo ili Delhi isisahau nani anayeshika kijiko. Waziri wa Kilimo, C. Subramaniam, akakubali hoja ya mtafiti M. S. Swaminathan: leteni ngano fupi za mtafiti Mmarekani Norman Borlaug kutoka Mexico. Mwaka 1966 zikaingia tani 18,000 za mbegu. Ngano za zamani ukizipa mbolea nyingi zilirefuka zikalala chini. Hizi fupi zilisimama na kuzaa. Mavuno ya ngano ya India, yaliyokuwa tani milioni 12 hivi msimu wa 1964/65, yakafika milioni 16 na ushee mwaka 1968, na katika sehemu za Punjab madarasa ya shule yaligeuzwa maghala kwa kuwa magunia hayakuwa na pa kukaa.

Jimbo hili lina kama asilimia 1.5 tu ya eneo la India. Hata hivyo kwa miongo mingi sehemu kubwa ya ngano ya hifadhi ya taifa, ile inayouzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya mgao, ilitoka humo. Kufikia mwaka 1970/71 pato la Mpunjabi lilikuwa takriban asilimia 169 ya wastani wa Mhindi. Familia zilijenga nyumba za matofali, watoto wakasoma, barabara za lami zikafika vijijini. Anayekuambia leo kwamba yale yote yalikuwa makosa tangu mwanzo, muulize hao watu wangekula nini mwaka 1967.

Sasa nikupeleke sokoni, maana hapo ndipo kila kitu kilipofungwa. Soko la nafaka huko wanaliita mandi, na la Khanna, karibu na Ludhiana, ni miongoni mwa makubwa kabisa barani Asia. Mwezi wa Oktoba trekta linaingia na tela la mpunga, linaumwaga kwenye sakafu ya saruji. Vibarua wanaupitisha kwenye mashine ya kupepeta. Mkaguzi wa shirika la ununuzi anachukua punje chache, anazipima unyevu. Zikizidi asilimia 17 mwenye mzigo anaambiwa auanike, na yeye analala palepale juu ya lundo lake. Ukikauka, shirika linautwaa kwa bei iliyotangazwa na serikali, unajazwa kwenye magunia ya kilo 37.5, unashonwa, unapakiwa. Kati ya mkulima na shirika yuko dalali, wenyewe wanamwita arhtiya, ambaye kwa miaka mingi kamisheni yake ilikuwa asilimia 2.5, nayo inalipwa na mnunuzi. Dalali huyohuyo ndiye anayemkopesha mkulima pesa ya mbolea, ya ada, ya harusi ya binti. Hadi mwaka 2021 malipo ya mazao yalipitia mkononi mwake, akikata deni lake kwanza. Sasa yanaingia benki moja kwa moja kwa mkulima, ila deni kwa dalali limebaki palepale.

Angalia kilichomo katika picha hiyo. Mkulima anaijua bei kabla zao halijavunwa. Anajua kwamba mzigo wote, hata akileta kiasi gani, utanunuliwa. Anajua atalipwa. Nitajie zao lolote Mbarali lenye mambo hayo matatu kwa pamoja.

Serikali ya India hutangaza bei ya chini ya uhakika kwa mazao zaidi ya 20, yakiwemo mahindi, choroko, dengu, alizeti na pamba. Lakini kutangaza ni jambo moja na kwenda sokoni na mifuko ni jambo lingine. Katika Punjab, ngano na mpunga ndiyo yanayonunuliwa kila mwaka bila kukosa. Pamba hununuliwa kwa nyakati fulani. Mengine, bei yake inakaa kwenye karatasi.

Hapo ndipo mpunga ulipoingia kwenye nchi isiyokuwa yake. Wapunjabi ni watu wa chapati. Mchele kwao si chakula cha kila siku. Mwaka 1960/61 mpunga ulilimwa kwenye hekta 227,000 tu. Leo ni zaidi ya hekta milioni 3, wakati eneo lote linalolimwa jimboni ni kama hekta milioni 4.1. Msimu wa mvua mpunga, msimu wa baridi ngano, mwaka unaisha, unaanza tena. Dengu, zilizokuwa kwenye zaidi ya hekta 800,000, zimebaki hekta elfu chache. Na mchele unaovunwa karibu wote unapakiwa treni kwenda kulishwa majimbo mengine, maana yake maji ya kisima cha Sangrur, wilaya ya Punjab, yanaliwa sahanini Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India.

Mvua za Punjab haziwezi kuubeba mpunga huo, na mifereji haitoshi. Mzigo umeangukia visima. Viko karibu milioni 1.5 hivi. Mwanzoni zilitosha pampu za juu ya ardhi, kwa kuwa maji yalikuwa karibu. Yaliposhuka chini ya mita kumi hivi pampu zile zikashindwa kuyavuta, ikabidi kuchimba upya na kuteremsha pampu ya kuzama ndani ya kisima. Hiyo ni gharama ambayo mwenye ekari 30 anailipa kwa mavuno ya msimu, mwenye ekari 4 anailipa kwa mkopo. Maji yakishuka tena, mwenye nacho anashusha pampu yake, na jirani yake mdogo anaamka asubuhi kisima chake kimekauka. Sehemu kubwa ya madeni ya wakulima wadogo unayoyasoma yana mzizi humo kisimani. Katika wilaya za katikati ya jimbo maji yamekuwa yakishuka kama nusu mita kwa mwaka. Mwaka 2022 bodi ya maji ya ardhini ya India ilikadiria kwamba jimbo lilikuwa likichota takriban asilimia 165 ya kiasi kinachorudi ardhini kila mwaka.

Tangu mwaka 1997, ukiacha muda mfupi baada ya 2002, umeme wa kumwagilia ni bure. Hata kabla ya hapo ulilipwa kwa ukubwa wa mota, bila mita, hivyo kuvuta lita moja zaidi hakukumgharimu mtu chochote. Umeme wa mashamba huja kwa saa za mgao, mara nyingine usiku wa manane, na wakulima wengi wamefunga swichi inayowasha pampu yenyewe umeme ukirudi. Mwenye shamba amelala, maji yanatoka. Hazina ya jimbo inalipia ruzuku hiyo zaidi ya rupia bilioni 70 kwa mwaka, na deni la jimbo limepita asilimia 40 ya pato lake. Kila chama kinachogombea uongozi kinajua hesabu hii, na hakuna kilichothubutu kuigusa sawasawa.

Sasa nirudi kwenye swali lako: si wapande kitu kingine?

Chukua mkulima mwenye ekari tano mwaka 2024. Bei ya serikali ya mpunga wa daraja la kwanza ilikuwa rupia 2,320 kwa kilo 100. Ekari yake inatoa kilo 2,800 bila taabu, hivyo mkononi anapata karibu rupia 65,000 kwa ekari kabla ya gharama. Mahindi mwaka huo yalitangaziwa rupia 2,225, utaona tofauti ni ndogo. Lakini ekari ya mahindi ya msimu wa mvua huko inatoa kama kilo 1,600. Hata kama angelipwa bei yote angepata kama rupia 35,600, na bei yote halipwi, kwa sababu serikali hainunui. Anakutana na mfanyabiashara, anakatwa kwa unyevu, anaambiwa soko limeshuka. Halafu mahindi hayapendi maji yaliyotuama, na Julai mvua kubwa ikinyesha siku tatu shamba zima linageuka manjano. Mpunga mvua hiyo hiyo unaifurahia. Ukiwa wewe ndiye bwana shamba wake, utamshauri nini? Mimi nisingethubutu kumwambia aache mpunga, na huwa nakasirika nikisikia mtu wa mjini akimwita mkulima huyu mchoyo wa maji.

Wala si kwamba jambo hili limegunduliwa jana. Profesa Sardara Singh Johl aliongoza kamati iliyosema mwaka 1986 kwamba asilimia 20 ya eneo la ngano na mpunga ipewe mazao mengine. Mwaka 2002 akaandika tena, safari hii akipendekeza wakulima walipwe fidia ya kuacha mpunga. Ripoti zilipokelewa, zikasifiwa, zikawekwa kabatini. Mwaka 2022 serikali ya jimbo iliwahimiza wakulima wapande choroko katikati ya ngano na mpunga, kwa ahadi ya kununua kwa rupia 7,275 kwa kilo 100. Walipanda. Ilipofika sokoni, sehemu ndogo tu ndiyo iliyonunuliwa kwa bei hiyo, nyingi zikaenda kwa wafanyabiashara kwa bei ya chini. Mwaka uliofuata usingeweza kumlaumu mtu aliyesema choroko basi.

Kuna mfano mmoja wa tiba iliyozaa maradhi mengine, nao nauweka hapa kwa sababu maofisa wa kilimo kama wewe ndio watakaoulizwa siku moja. Mwaka 2009 jimbo lilipitisha sheria ya kulinda maji ya ardhini: marufuku kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni. Zamani watu walikuwa wakipandikiza hata Mei, jua kali, maji yanaruka hewani. Sheria ilikuwa na akili, na ilisaidia maji. Lakini mpunga uliochelewa kupandwa ulichelewa kuvunwa, na kati ya mpunga kutoka na ngano kuingia zikabaki wiki mbili tatu. Mashine ya kuvuna huacha mabua yamesimama shambani. Tani kama milioni 20 za mabua, muda hakuna, kiberiti ni rahisi. Moshi wake huungana na uchafu wa magari na viwanda na kuifunika Delhi kila Novemba, wakati upepo umelegea. Mwaka 2020 setilaiti zilihesabu mioto zaidi ya 70,000 Punjab. Mwaka 2024 ilikuwa chini ya 11,000, baada ya mashine za kupanda ngano ndani ya mabua kusambazwa kwa ruzuku na faini kuongezeka. Mbegu nazo zina sehemu yake. Pusa 44, waliyoipenda kwa mavuno makubwa, hukaa karibu siku 160. PR 126 ya chuo cha Ludhiana inamaliza kwa siku 123 hivi, inaokoa maji na inawaachia nafasi ya kusafisha shamba. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuipiga marufuku Pusa 44. Msimu uliofuata wenye vinu wakalalamika kwamba PR 126 inatoa mchele pungufu, maghala yakawa bado yamejaa mchele wa mwaka uliotangulia, na wakulima wakakaa sokoni siku nyingi kuliko kawaida. Waliambiwa wapande mbegu ya kuokoa maji, wakaipanda, wakaadhibiwa na foleni.

Kwa haya utaelewa ile kambi ya Delhi. Septemba 2020 bunge la India lilipitisha sheria tatu. Mojawapo iliruhusu mazao kuuzwa nje ya mandi bila ushuru. Serikali ilisema mkulima atakuwa huru kuuza popote. Wapunjabi walisikia kitu kingine: wanunuzi wakubwa watahamia nje kusikolipiwa ushuru, mandi zitakufa polepole, na mandi ikifa bei ya serikali itakosa mahali pa kulipwa. Hawakuwa wakiota. Jimbo la Bihar lilifuta sheria ya masoko mwaka 2006, na tangu hapo mpunga wa Bihar umekuwa ukiuzwa chini ya bei ya serikali, mwingine ukipakiwa malori na kuja kuuzwa kwa magendo kwenye mandi za Punjab. Walikuwa na ushahidi unaoshuka mbele ya macho yao. Wakapiga kambi Singhu na Tikri, mipakani mwa Delhi, tangu mwisho wa Novemba 2020, baridi na jua, pamoja na wenzao wa Haryana na magharibi ya Uttar Pradesh. Vyama vyao vinahesabu zaidi ya watu 700 waliokufa katika kipindi hicho. Novemba 2021 Waziri Mkuu Modi akatangaza kuziondoa sheria hizo.

Nasimama upande wao katika hilo, ingawa nakiri mandi wanayoilinda ndiyo inayowafunga kwenye mpunga. Huwezi kumnyang'anya mtu uhakika alio nao kwa kumwahidi uhuru ambao jirani yake ameujaribu akaumia.

Uchumi wa jimbo hauishii shambani, na hapa ndipo mimi naona hasara kubwa kuliko hata ya maji. Fedha za ngano zilipaswa kuzaa viwanda. Zilianza kuzaa: Ludhiana ikawa mji wa baiskeli na sweta, Jalandhar vifaa vya michezo, mji wa Mandi Gobindgarh chuma. Halafu zikaja siku za damu. Juni 1984 jeshi liliingia Hekalu la Dhahabu la Amritsar, patakatifu pa Masingasinga, kuwatoa wapiganaji, Novemba mwaka huo Masingasinga wakauawa kwa maelfu mitaani Delhi baada ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kuuawa na walinzi wake Masingasinga, na jimbo likakaa katika vita vya wapiganaji na polisi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaji ni mwoga. Familia ya Munjal, waliotengeneza baiskeli za Hero hapo Ludhiana, walipoungana na Honda kutengeneza pikipiki katikati ya miaka ya 1980, kiwanda walikijenga Dharuhera, Haryana. Maruti ilikuwa imekwisha kuanza kutoa magari Gurgaon, Haryana vilevile, mwaka 1983.

Haryana na Punjab zilikuwa jimbo moja hadi mwaka 1966. Udongo ni uleule, ngano ileile. Lakini Haryana inapakana na Delhi, Punjab inapakana na Pakistan. Bandari iko zaidi ya kilometa 1,000, na mpaka wa Attari, ambao ungeweza kuwa mlango wa biashara hadi Asia ya Kati, umefungwa kwa biashara na Pakistan tangu 2019. Mwaka 2003 serikali kuu iliyapa majimbo ya milimani jirani misamaha ya kodi, viwanda vingine vikahamia huko. Matokeo yake, kufikia 2023/24 pato la Mpunjabi lilikuwa limeshuka hadi karibu asilimia 107 ya wastani wa taifa, la Haryana limepanda hadi asilimia 177 hivi. Punjab haikuwa maskini. Ilisimama wakati wenzake wanatembea.

Kijana aliyesoma katika jimbo hilo anaona nini? Shamba la baba limegawanywa kwa ndugu watatu, kazi ya kiwandani ni chache, ya serikali inapiganiwa na maelfu. Kupandikiza mpunga kunafanywa na vibarua wanaokuja kwa treni kutoka Bihar kila Juni, kwa ujira wa ekari. Kwa hiyo anasoma Kiingereza cha mtihani, baba anaweka ekari mbili rehani, anaondoka. Karibu na Jalandhar, katika kijiji cha Talhan, kuna gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ambako watu wamekuwa wakitoa sadaka ya ndege za plastiki kuombea viza. Kuondoka kwenyewe si kupya kwao. Waliojenga reli kutoka Mombasa tangu 1896, wale zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, wengi walitoka Punjab, na ndiyo maana jina la Kalasinga linajulikana hata kwa mtoto wa Voi. Tofauti ni kwamba zamani aliyeondoka alituma pesa ya kununua ekari nyingine. Siku hizi ekari ndiyo inayouzwa ili mtu aondoke, na tangu Kanada iweke kikomo cha vibali vya wanafunzi mwaka 2024, wako waliokwisha kuuza ambao hawajapata pa kwenda.

Wapo pia ambao hawakuwahi kuwa na ekari ya kuuza. Karibu theluthi moja ya Wapunjabi ni Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, uwiano mkubwa kuliko jimbo lolote India, na ardhi wanayomiliki ni kidogo mno. Sheria ya mwaka 1961 inawatengea theluthi ya ardhi ya kijiji inayokodishwa kwa mnada, lakini katika vijiji vingi matajiri waliweka vibarua wao wapige mnada kwa jina tu. Tangu 2014 hivi, Wadalit wa Sangrur wamekuwa wakijipanga na kuidai, wakipigwa, wakirudi tena. Ukisikia watu wakisema "mkulima wa Punjab", kumbuka kwamba neno hilo mara nyingi haliwahesabu hawa.

Kosa ni la nani, basi? Simlaumu Borlaug, wala mkulima. Naziweka lawama mahali pawili: kwa serikali kuu ya Delhi, ambayo tangu miaka ya 1980 ilikuwa na nafaka ya kutosha ikaendelea kununua mpunga uleule kutoka jimbo lisilo na maji kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa wanasiasa wa Punjab, wa vyama vyote, waliotoa umeme wa bure wakijua kinachotokea chini ya ardhi.

Na kifanyike nini? Mimi ningeanza na pesa iliyokwisha kutengwa. Mwaka 2018 Punjab ilijaribu kwenye laini chache za umeme mpango wa kumpa mkulima kiwango chake cha umeme na kumlipa rupia 4 kwa kila uniti asiyoitumia. Hanyimwi kitu, anauza alichookoa. Nauona ndio mlango wa haki zaidi, na unapaswa kupelekwa jimbo zima, si kubaki majaribio. Haryana mwaka 2020 ilianza kulipa rupia 7,000 kwa ekari kwa anayeacha mpunga. La pili ni kununua. Serikali iingie mandi na mifuko kwa ajili ya mahindi, dengu na mbegu za mafuta, kila msimu, kwa miaka kumi mfululizo, hata mwaka ambao bei ya soko inaiumiza, kama ilivyofanya kwa ngano wakati ule. India inaagiza dengu, mbaazi na mafuta ya kula kwa mabilioni ya dola. Kuna mbaazi za Lindi na Mtwara humo ndani, na wakulima wetu wanakumbuka mwaka 2017 Delhi ilipoweka kikomo ghafla na bei ikaanguka. Pesa hiyo sehemu yake ingeweza kuwafikia watu wa Sangrur.

Kwa hapo kwako Mbarali, kabla hujamshauri mtu abadilishe zao, jiulize nani atalinunua, kwa bei gani, na kama alilinunua mwaka juzi pia. Ukikosa jibu la mnunuzi, usimtoe kwenye mpunga wake bado.